Mhuri wa Tangi la Soni

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya hapa karibu tu, wakati simu zilikuwepo ila chaji ndiyo ilikuwa habari nyingine, palikuwa na karakana pale Mombo, chini ya milima, mahali ambapo mabasi husimama abiria wakala chipsi kwa haraka. Hadithi ya karakana hiyo nimeisimulia Korogwe, watu wakashikana mashati. Nimeisimulia Handeni, mume na mke wakalala vyumba mbalimbali siku tatu. Sijampata bado wa kuifunga. Leo nimewaletea nyinyi, tuone kama mna akili au mna masikio tu.

Karakana ilikuwa ya mjane, Mama Namkunda, Mpare wa Usangi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Mumewe alipofariki alimwachia vitu vitatu: mashine ya kuchomelea kwa waya na gesi, paa linalovuja, na mhuri.

Mhuri wenyewe ulikuwa kipande cha chuma kigumu, urefu wa kidole cha kati, kimechongwa jogoo kwenye ncha. Kazi ikiisha unauegesha pale, unapiga nyundo mara moja, jogoo anabaki kwenye chuma milele. Na milima yote ile, kuanzia Mombo mpaka Bumbuli, geti likiwa na jogoo hakuna aliyeuliza swali la pili.

Lakini mhuri ule ulikuwa na masharti yake. Hupigwa na mkono mmoja tu. Marehemu alikuwa akisema, "Wakipiga wawili, siku kazi ikivuja kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole." Kwa hiyo mwenye mkono wa mhuri ndiye fundi mkuu. Yeye ndiye anayesema nani aingie kazini na nani atoke. Na jambo likiharibika, yeye ndiye anayefuatwa nyumbani kwake, hata kama anakula.

Tangu marehemu azikwe, miaka minne, jogoo hakuwika. Mama Namkunda aliufunga mhuri kwenye pindo la kanga yake, akalala nao, akaamka nao, akisubiri mkono.

Sasa, aliyeutaka mkono huo uwe wake alijulikana na kila mtu. Ni Omari Shekalaghe, fundi wa kuchomelea, miaka kumi na mmoja pale pale, mtu wa maneno machache na nyusi zilizoungua. Alikwisha kusema mbele ya watu, "Nikiukosa mhuri huu, nafunga virago narudi Bumbuli kulima kabichi." Na Shekalaghe hakuwa mtu wa kusema kwa kutishia. Kabichi alikwisha kuiulizia bei ya mbegu.

Basi siku moja wakashuka akina mama kutoka Soni, juu mlimani kwenye baridi. Akina mama themanini, kila mmoja na ng'ombe wake mmoja, mwenye uwezo wawili. Walitaka tangi la kukusanyia maziwa, la chuma kisichoshika kutu. Mwenyekiti wao Bi Zuhura Kilua, mama mnene, mpole, mwenye leso nyekundu ya hariri shingoni. Msimdharau kwa upole wake. Nitawaambia.

Kwanza nyamazeni niwaeleze kazi yenyewe, maana wengine wenu mnaona cheche mnapiga makofi. Ile mashine ina waya mwembamba umezungushwa kwenye gurudumu. Ukibonyeza tochi, lile bomba la mkononi, waya unatoka kidogo kidogo kama ulimi wa mjusi, na gesi inapuliza kuuzunguka ili hewa isije ikaharibu kazi. Waya ukifika kwenye chuma, umeme unauyeyusha, pale chini panakuwa kidimbwi cha moto, kikipoa ni mshono. Vizuri sana. Tatizo, waya ule una tabia ya kutema. Matone ya moto yanaruka huku na huku, yanaganda kando ya mshono. Sisi tunayaita vipele.

Kwenye geti, kipele si kitu, unapaka rangi. Kwenye tangi la maziwa, kipele ni adui. Brashi inakiruka, maziwa yanajificha nyuma yake, asubuhi yale yaliyojificha yamechacha, na yakichacha yanaliambukiza tangi zima. Akina mama themanini wanamwaga chini.

Shekalaghe akatengeneza tangi la kwanza. Bi Zuhura akavua leso yake ya hariri, akaingia ndani ya tangi kupitia mdomo wa juu, mwili wote ule, akaipitisha leso juu ya mshono taratibu. Vipele vilikuwa vingi kama uso wa kijana wa sekondari. Leso ikanasa. Bi Zuhura akatoa kichwa nje, akasema neno moja: "Rudieni."

Tangi la pili, Shekalaghe akapata werevu. Akapaka samli kando ya njia ya mshono ili vipele visishike. Na kweli havikushika! Leso ikateleza mwanzo mpaka mwisho, watu wakashangilia. Maziwa yakatiwa. Saa mbili baadaye Bi Zuhura akayaonja, akayashikilia mdomoni, akayatema. Yalinuka chapati iliyoungua. Samli ilikuwa imekaangwa mle mle kwenye mshono. "Rudieni."

Tangi la tatu, Shekalaghe akashika grenda, akavisaga vipele vyote. Grenda ikaacha mikwaruzo. Leso ikanasa kwenye mikwaruzo. Akasaga mikwaruzo. Bati likawa jembamba kama sufuria ya mtumba, wakatia maji ya kupimia, likavuja mahali patatu. Bi Zuhura hata leso hakuvua.

"Rudieni," akasema, "lakini mara ya mwisho. Bati lililobaki linatosha tangi moja tu. Ijumaa ya wiki ijayo nitakuja na lori. Napanda na tangi lenye jogoo, au nakwenda kwa mafundi wa Tanga mjini. Na tangi lisilo na jogoo silipandishi mlimani, wenzangu watanitafuna."

Mama Namkunda akafungua pindo la kanga, akauinua mhuri mbele ya kila mtu.

"Mmemsikia. Atakayelifanya tangi hili lipite, mhuri ni wake. Awe yeyote. Likinasa, jogoo huyu namtupa chooni kwa mkono wangu, na geti nafunga."

Shekalaghe akahesabu kwa vidole. Miaka kumi na mmoja, na sasa siku tisa.

Akaanza. Akaongeza kasi ya waya: vipele vikubwa. Akapunguza kasi ya waya: ukaungulia ndani ya tochi ukashika. Akaongeza gesi: vipele. Akapunguza gesi: vipele na moshi. Vibarua wakamcheka, "Fundi, labda uipeleke mashine kwa mganga."

Akavua kofia yake. Akaweka kizibo cha gunia kwenye mlango ili makelele ya barabarani yapungue. Akachukua vipande vya chuma chakavu, akachomelea huku amefumba macho nyuma ya kile kioo cheusi cha kukinga macho. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu. Siku ya nne. Hakutazama mshono hata mmoja.

Mama Namkunda akamfuata. "Omari, unaumwa?"

"Nasikiliza, mama."

"Unasikiliza nini?"

"Sijui bado. Nitasikiliza mpaka niambiwe."

Siku ya tano akasimama, akazima mashine. "Nimeambiwa," akasema.

Nyinyi mkisikia kuchomelea mnasikia chrrrr, kama maandazi kwenye mafuta. Shekalaghe aliikwangua ile chrrrr mpaka akaona vilivyomo. Ndani yake mna ta-PA, ta-PA, ta-PA, haraka haraka. "Ta," ni waya unagusa kidimbwi. "PA," ni waya unapasuka. Na kipele kinaruka kwenye PA, hakiruki mahali pengine. Waya ukigusa, shoti inapigwa, umeme wote unajibana kwenye shingo nyembamba ya lile tone, na wakati huo huo mashine haina habari, inausukuma waya mbele. Unasukumwa na hauna pa kwenda. Unapasuka.

Akaujua ugonjwa. Dawa hakuijua. Akakaa chini, akashika tama.

Hapo ndipo alipoingia Saumu Mahimbo, na hakuja na dawa, alikuja na ugomvi.

Saumu alikuwa fundi cherehani, baraza yake imepakana ukuta na karakana. Alikuwa ameshika gauni jeupe la bibi harusi, gauni lina tundu kifuani, tundu lina kingo nyeusi.

"Shekalaghe!" akapiga kelele. "Wewe unachomelea tangi au unachoma watu? Kipele chako kimeruka dirisha! Bibi harusi atavaa hili amwambie mumewe nini, kwamba alipigwa risasi?"

"Dada Saumu, nisamehe. Waya unagusa halafu..."

"Sitaki waya! Nataka kifua cha gauni!"

"Unagusa, halafu mashine inaendelea kuusukuma, haujui kurudi."

Saumu alikuwa amekwisha kufungua mdomo kwa tusi la pili. Akaufunga. Wanawake wa cherehani, mkiwatajia uzi, hata wa chuma, hata katikati ya ugomvi wanasikia.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Shemeji yangu," Saumu akasema, na hakuwa shemeji yake, ni kejeli tu, "miaka yote hii unakaa ukuta mmoja na mimi hujawahi kuitazama cherehani? Pale mbele kuna mkono una tundu, unapanda na kushuka. Sindano ikishuka, mkono unatoa uzi. Sindano ikipanda, mkono unauvuta uzi urudi. Usiporudi, uzi unajaa chini ya kitambaa, unafanya mavi ya mbuzi. Mashine yako inajua kutoa tu. Haijui kurudisha. Ukigusa, uurudishe waya nyuma kidogo, lile tone liachwe chini kwa adabu. Nani atapasuka hapo?"

Shekalaghe akamtazama. Akasimama. "Nitapata wapi mkono wa namna hiyo siku nne zimebaki?"

Cherehani ya Saumu ilikuwa ya miguu, nyeusi yenye maua ya dhahabu, aliachiwa na mama yake. Ndiyo iliyomlisha, ndiyo iliyomlipia karo mdogo wake, na hapakuwa na nyingine. Alisimama pale mlangoni na gauni lake lenye tundu muda wa mtu kumenya chungwa. Kisha akaenda barazani kwake, akakifungua kichwa cha cherehani, akakibeba mwenyewe, akakiweka juu ya meza ya karakana. Puu!

"Mkono ndio huo. Ukatwe. Lakini nasimama hapa hapa mpaka nione kipele cha mwisho. Mimi nikianza pindo silali nalo katikati."

Wakaukata. Wakaufunga mahali waya unapopita, pamoja na gurudumu la kukanyagia la cherehani. Saumu akakanyaga, mkono ukapanda na kushuka, waya ukaenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma. Shekalaghe akawasha.

Jamani! Mahali pamoja mshono laini kama siagi. Shubiri inayofuata, vipele vilitoka mpaka dari likapata mgao wake. Wakajaribu polepole. Wakajaribu haraka. Laini, vipele. Laini, vipele. Siku mbili zikaisha. Cherehani imekatwa, tangi halijaanza, na Saumu amekaa kwenye kigoda anatazama mguu wake mwenyewe kana kwamba umemsaliti.

Nje ya geti, chini ya bati moja lililoegeshwa ukutani, alikaa mtu wa tatu. Ngoda Mkomwa, msuka mota. Mota ya pampu au ya mashine ya kusaga ikiungua, Ngoda anaivua nyaya, anaisuka upya. Umri miaka thelathini na ushee, kichwa kimejaa umeme. Lakini marehemu aliweka sheria kwamba ndani ya karakana huingia mafundi wa chuma tu, na Ngoda alikuwa anaitwa kibarua wa nyaya. Miaka sita alikuwa akipokea kazi kupitia tundu la geti, kama mfungwa anayepewa uji.

Ngoda alikuwa na kitaa kidogo cha kumulikia kazi, na umeme wake, semeni mnavyotaka, aliuchukua kwenye nyaya za mashine ya Mama Namkunda. Akapiga hodi.

"Kaka Shekalaghe. Dada Saumu. Naomba kusema neno."

"Semea huko huko," Shekalaghe akajibu, kachoka.

"Mkono wenu unarudi kwa saa yake. Waya unagusa kwa saa yake. Saa hizo mbili zikikutana mnapata siagi, zikipishana mnapata vipele. Mnataka mkono urudi wakati waya unapogusa, si kabla, si baadaye."

"Na mguu wangu utajuaje waya umegusa?" Saumu akauliza.

"Hautajua. Kitaa changu kinajua. Kila waya ukigusa, kinafifia. Nimekuwa nakilaani siku zote hizi, nashindwa kusuka. Leo nimekaa nikakielewa. Umeme wenyewe unasema, 'Nimegusa.' Mimi nitauwekea wa kuusikia."

Shekalaghe akamtazama Mama Namkunda. Mama Namkunda akalitazama geti, kisha jua lililokuwa linakwenda. "Mfungulieni," akasema.

Ngoda akaingia kwa mara ya kwanza, akafuta miguu mlangoni kama anaingia msikitini. Akachukua mota ya waipa ya lori bovu, ndiyo ikawa badala ya mguu wa Saumu. Akatoa rilei kwenye kisanduku chake, kile kidude kinachobofya umeme ukibadilika, akakifunga pale kitaa kilipokuwa. Waya ukigusa, umeme unaanguka, rilei inabofya, mota inauvuta mkono, waya unarudi, tone linabaki. Likishabaki, umeme unapanda, waya unakwenda mbele tena. Hakuna anayehesabu saa. Mguso wenyewe ndio unaoita.

Shekalaghe akawasha kwenye chuma chakavu, akafumba macho kama kawaida yake.

Ta. Ta. Ta. Ta.

PA haikuja. Palisikika kama kuku wanadonoa mchele kwenye sinia. Akafumbua macho, akangoja mshono upoe, akapitisha kiganja juu yake, akarudia kukipitisha. Saumu ndiye aliyepiga kigelegele, wasafiri kwenye mabasi wakadhani kuna harusi.

Ijumaa asubuhi wakaanza tangi. Wakafunga chini, wakafunga ubavu. Saa sita lori la Soni likaegesha, Bi Zuhura akateremka na leso yake. Ulikuwa umebaki mshono wa mwisho, wa shingoni, na katika mshono huo imebaki shubiri moja.

Rilei ikanuka. Ikatoa moshi mwembamba. Ikafa.

"Weka nyingine!" Mama Namkunda akapiga kelele.

"Sina nyingine, mama," Ngoda akasema. Alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu.

Mnaweza kuacha mshono wa tangi ukapoa katikati? Mnaweza, ila pale penye kiungo kipele kitawasubiri. Shekalaghe hakutoa tochi. Kijasho kinamtiririka, akasema kwa sauti ndogo, "Ngoda, rudisha kitaa."

Ngoda akarudisha kitaa. Shekalaghe akapunguza mwendo wa waya mpaka chini kabisa. Saumu akalishika lile gurudumu la cherehani kwa mikono yake miwili ili auvute mkono mwenyewe, lina moto, akalishika hivyo hivyo. Ngoda akakodolea kitaa macho.

"Umegusa!" anasema Ngoda.
"Umerudi!" anasema Saumu.
"Twende," anasema Shekalaghe.

"Umegusa!" "Umerudi!" "Twende."

"Umegusa!" "Umerudi!" "Twende."

Tone moja, tone moja. Bi Zuhura amesimama, dereva amezima injini bila kuambiwa. Shubiri moja iliwachukua muda wa kupika ugali na mboga yake. Shekalaghe mkono haukutikisika. Saumu viganja vikatoka malengelenge. Ngoda hakupepesa, machozi yanamtoka yenyewe.

"Umegusa!" "Umerudi!"

"Basi," akasema Shekalaghe. Akazima.

Likaachwa likapoa. Likatiwa maji, halikuvuja hata jasho. Likakaushwa. Bi Zuhura akavua leso, akaingia. Mnajua hariri inavyosikika ikiteleza kwenye chuma? Haisikiki. Ndicho kilichowatisha wote, hawakujua imeanza au imekwisha. Kisha kichwa cha Bi Zuhura kikatokea, leso ikiwa nzima mkononi, hata uzi mmoja haujatoka.

"Pigeni jogoo," akasema, "nipande. Maziwa ya jioni hayanisubiri."

Mama Namkunda akafungua pindo la kanga. Akautoa mhuri, akachukua na nyundo. Akageuka awape. Akasimama.

Mikono mitatu ilikuwa imenyooshwa.

Shekalaghe akaanza, mtu wa maneno machache, siku hiyo yakamtoka. "Mama, miaka kumi na mmoja nimeusubiri. Matangi matatu yameninasa mimi, si wao, aibu nimekula peke yangu. Nani aliyekaa gizani siku tano mpaka akajua kipele kinazaliwa wapi? Bila hiyo, Saumu angedai gauni lake akaenda zake, na Ngoda angeendelea kukitukana kitaa. Na mkono uliopita kwenye kila mshono wa tangi hili ni huu. Mhuri ni wa fundi wa chuma. Tangu lini jogoo akapigwa na sindano?"

"Tangu sindano ilipokufundisha kazi!" Saumu akamrukia. "Ulijua unaumwa, ndiyo, hata mbuzi anajua anaumwa. Dawa ulipewa na nani? Nimekuonyesha mimi, kwa kinywa changu, nimesimama hapa hapa. Halafu sikukupa maneno tu kama wapita njia. Nimekupa cherehani ya mama yangu ukaikata kwa msumeno, mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika upande mmoja ili isitikisike. Wewe ukikosa mhuri una mkono wako na mashine iko pale. Ngoda akikosa ana mota zake. Mimi nikitoka hapa narudi kwenye baraza tupu. Na viganja hivi tazameni!"

Ngoda akangoja wamalize. Yeye hakupaza sauti.

"Mama, mimi sina maneno. Walikuwa na sikio la kaka, walikuwa na mkono wa dada. Walivifunga pamoja siku mbili. Vikatoka vipele mpaka darini. Basi. Mimi nikipewa mhuri nitakuwa fundi. Nikikosa, kesho nitapokea kazi kwenye tundu la geti."

"Rilei yako si iliungua!" Saumu akamwambia. "Mbele ya mgeni!"

"Iliungua, dada. Na ilipoungua ulirudi kwa saa ya nani? Si ya macho yangu?"

"Na mkono ulioshika tochi wakati ule," akasema Shekalaghe, "ulikuwa wa nani?"

Vibarua nao wakajigawa. Mmoja akasema wapige wote watatu, nyundo moja mikono mitatu. Mama Namkunda akamkata jicho. "Na likivuja, mama hawa washuke mlimani wamfuate nani? Watatu, kila mmoja amwonyeshe mwenzake kidole? Mume wangu alisema mkono mmoja." Mwingine akasema, "Basi piga wewe, mama." Akajibu, "Mkono wangu haujawahi kuyeyusha hata msumari. Niweke jogoo wa uongo kwenye tangi la watu?" Ikabaki hivyo.

Dereva akawasha lori. Bi Zuhura akaifunga leso shingoni, akasema, "Wanangu, nawapenda wote, ila naondoka."

Mama Namkunda akauegesha mhuri kwenye shingo ya tangi, akaushikilia kwa vidole viwili ili usiteleze, na mkono wa pili akainyoosha nyundo nyuma yake, mpini ukiwaelekea wote watatu, bila kugeuka kuangalia nani yuko karibu. Akafumba macho. Mshika nyundo atapiga mara moja tu, halafu ni fundi mkuu, na wawili waliobaki watafanya kazi chini yake au wataondoka.

Nyinyi mliokaa hapo mnajikuna, mafundi, washonaji, watu wa umeme, na nyinyi wengine ambao kazi yenu siijui, msinijibu kwa kupendelea kazi zenu, nitawajua. Shekalaghe aliyeusikia ugonjwa na kuutia mkono, Saumu aliyeijua dawa akailipia kwa cherehani ya mama yake, Ngoda aliyeifanya dawa iitikie inapoitwa. Mpini uko hewani na lori limeanza kusogea.

Je, nani alistahili kuushika?